Hodi ya Tatu

Najua mtasema uzee umenipanda kichwani. Semeni. Lakini sikuwa peke yangu chumbani, na wenzangu wawili bado wana masikio mazima. Mwenye shaka aje Amu, mnakokuita Lamu, awaulize. Mimi naeleza nilichokisikia, bila kuongeza neno.

Ilikuwa Ramadhani, baada ya tarawehe. Feisal, mjukuu wa dada yangu, aliyezaliwa na kukulia Nairobi, alikuja kufunga nasi, na katika begi lake akaleta mchezo ambao sikuwahi kuuona. Hauna karata. Mmoja huwa msimulizi, huwaeleza wenzake mahali walipo na yanayowafika. Waliobaki kila mtu hujifanya mtu fulani, akasema anachotenda, kisha akatupa dadu ya pembe nyingi ijulikane kama amefaulu. Basi, mnaketi na kuongea. Usiku ukiisha, mnaendelea kesho.

Tulichezea kwangu kwa sababu nyumba yangu ni kubwa na sina wa kumsumbua. Alikuwapo mpwa wangu Zuhura, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ndiye huniletea futari, na mumewe Shee, fundi wa injini za boti. Shee alipenda vita. Kabla msimulizi hajamaliza kusema, yeye ameshachomoa upanga.

"Umemuua tena mtu tuliyekuja kumuuliza ndia," Zuhura alimwambia usiku mmoja.

"Ndia!" Feisal akacheka. "Ni njia, shangazi."

"Hiyo njia yako iache Nairobi."

"Mimi kutwa nashinda na plagi na mafuta," Shee akasema. "Usiku niacheni nikate vichwa. Kinachonichosha ni hizi hesabu za kujumlisha. Zilinitoa shule, na hapa zimenifuata."

Zuhura aliupenda mchezo kwa sababu hauna wa kumshinda mwenzake. Kwenye karata, alisema, lazima mmoja alale na hasira. Hapa mnaokoka pamoja au mnaangamia pamoja. Alichokichukia ni ubishi wa sheria, maana Feisal na Shee wangeweza kubishana juu ya dadu moja mpaka kahawa ikapoa.

Na mimi? Mwanzoni niliuchukia wote. Mzee mzima ajifanye mtu mwingine? Feisal aliponiambia nichague kazi, nikachagua ubawabu, nishike ufunguo wa lango la mji, niketi zangu. Lakini hazikupita siku nyingi nikawa nangoja tarawehe iishe. Yule bawabu wangu alikuwa mtu mpole, mcheshi, tena hakuwa na jambo la kujutia. Mnauelewa utamu wake?

Utamu huo ndio ulionichoma, kwa sababu ndio alioupenda mwanangu Abudi.

Abudi alikuwa mtoto wangu wa pekee. Tangu udogo alikuwa mtu wa kuigiza: leo kadhi, kesho nahodha, keshokutwa mimi mwenyewe ninavyokohoa. Alipomaliza shule akataka kufuata kikundi cha maigizo Mombasa. Nilimwambia mwanamume hajifanyi mtu mwingine, na akitoka asirudi. Akatoka. Baadaye alirudi, jioni ya Ramadhani kama hizi, mama yake akiwa kwa dada yangu. Mlangoni akapiga hodi yake ya mzaha aliyoizoea tangu utotoni: "Hodi wenye nyumba, chai iko?"

Nilikuwa ndani, kikombe mkononi. Nikanyamaza. Akapiga ya pili, nikanyamaza. Ya tatu haikuwa na mzaha. Alisema tu, "Hodi, Baba." Nasi tumefunzwa kwamba hodi ni tatu; usipojibiwa, rudi. Akarudi. Nilitaka aumie kidogo, kesho nimtafute. Kesho alikuwa ameshapanda boti. Homa ilimuua hukohuko Mombasa, akazikwa mimi sipo. Mama yake amekufa bila kujua. Sikumwambia mtu yeyote habari ya hodi ile, sikilizeni vizuri hapo. Mtu yeyote.

Sasa turudi kwenye mchezo. Usiku ule Feisal, msimulizi wetu, alitueleza kwamba nje ya mji wetu kuna kiumbe kinachojigeuza, kinachukua sura na sauti ya yeyote, kwa hiyo lango lisifunguliwe mpaka alfajiri. Mwenye ufunguo ni mimi. Feisal alikuwa ameketi karibu na mlango wangu wa nje, kaupa mgongo. Hapo stima zikapotea.

Giza likawa giza. Nilidhani atawasha simu, hakuwasha. Nikafikiri anataka tuogope vizuri. Ndipo ikaja sauti kutoka upande wake.

"Hodi wenye nyumba, chai iko?"

"Ndicho hicho kiumbe, Mjomba," Shee akanong'ona, anacheka. "Usikifungulie."

Nikajiambia Feisal amesikia mahali, vijana husikia mambo.

"Hodi. Natoka mbali, ndia imenichosha."

Mmelisikia neno hilo? Mimi nililisikia. Feisal hasemi ndia. Nikajua, wallahi nikajua, na bado nilikaa.

"Mjibu, Mjomba," Zuhura akasema polepole. "Mbona ana huzuni hivyo?"

"Asijibu," Shee akasema. "Akinyamaziwa ataondoka."

"Hodi, Baba."

Kinywa nilikifungua. Neno lenyewe ni fupi, karibu, mtoto mdogo hulisema. Halikutoka. Nilinyamaza mara ya pili katika maisha yangu, na safari hii sikuwa hata na hasira ya kuisingizia.

Stima zikarudi. Mto aliokalia Feisal ulikuwa mtupu. Mlango ukafunguliwa, Feisal huyo akaingia kutoka nje na mishumaa.

"Si niliwaambia naenda dukani, hamkunisikia?" Akatutazama. "Nimempisha mtu hapa mlangoni. Ameniuliza kama wenyewe wamelala."

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nimemwambia hapana, Babu, wako macho, wanacheza."

Nilitoka bila viatu. Kichochoro kilikuwa kitupu mpaka baharini. Niliita "Karibu!" nikaita tena, mpaka majirani wakafungua madirisha na Zuhura akaja kunishika mkono.

Nilimweleza mwalimu wa dini. Akaniambia, "Bwana, mwezi huu mashetani wamefungwa. Hakuwa shetani." Alidhani ananituliza. Angekuwa shetani ningelala.

Feisal amerudi Nairobi. Shee hataki kuziona zile dadu. Zuhura amezitia kabatini, na mara nyingine huniambia kwamba anaukumbuka mchezo, vile tulivyokuwa tunacheka. Hata mimi naukumbuka. Mchezo haukuwa na kosa. Nilimfukuza mwanangu kwa ajili ya furaha niliyokuja kuionja uzeeni.

Mlango wangu siku hizi siutii komeo, na birika haikai bila chai. Hodi ikipigwa kwa jirani, mimi huitikia. Watoto hunicheka, nami huwaacha.

Nawe unayenisikiliza, huenda yuko mtu umemkasirikia na una haki yako. Mkasirikie. Lakini akisimama mlangoni mwako mwambie karibu, hasira zenu mzimalizie ndani. Mjibu hata ukidhani ni mchezo. Usingoje hodi ya tatu.