Jumamosi Pembe Itapigwa Masama

Mfongo huu, mfereji wa maji wa kijiji, unaujua. Uliogea humo ukiwa mtoto. Kila Desemba ukirudi nyumbani unaupita na gari, kioo kimepandishwa. Usijifanye huuoni.

Saa moja asubuhi, Masama. Aikande Nkya, 54, amezama hadi magotini kwenye tope, anakandamiza udongo wa mfinyanzi kati ya mawe na vipande vya migomba. Ni siku ya kumi na tisa tangu mvua ibomoe ukingo wa mfereji huu. Maji ya nyumba arobaini za chini yanamwagika korongoni.

Shamba lake liko juu ya palipobomoka. Kwake maji yapo. Angeweza kwenda kuchuma kahawa za watu, kibarua cha shilingi elfu sita kwa siku.

“Bibi Dominika wa kule chini ana miaka 81,” anasema. “Anateremka korongoni na ndoo, kwa ajili ya ng’ombe wake mmoja. Jumatatu iliyopita kateleza, mkono umevimba. Nikachume kahawa kwa akili gani?”

Zamani, baba yake Aikande akipiga pembe ya kuita watu mfongoni, kila nyumba ilitoa mtu na jembe. Asiyefika alifuatwa kwake, akasutwa, akatoa mbege, pombe ya ndizi, wakanywa, yakaisha. Mwanamke hakuruhusiwa kugusa mfongo. Leo wanaume wamevuta maji ya bomba majumbani, mfongo wamemwachia mwanamke!

Jirani yake, Jackson, anasimamisha pikipiki.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Shuka basi, salamu haizibi ukingo.”

“Mimi nina bomba, mama. Nitakutafutia mtu.”

“Baba yako alipofariki, tulikutafutia mtu wa kuchimba kaburi? Si tulikuja wenyewe?”

Jackson anazima pikipiki. Hashuki. Anaiwasha tena, anaondoka.

“Utu tunausema msibani tu, tukishashiba,” Aikande anafoka. Maji yanainua udongo alioukandamiza tangu alfajiri. “Unaona? Nikishika huku, kule kunatoka. Mikono miwili haitoshi.”

Pembe ya baba yake inaning’inia jikoni, nyeusi kwa moshi. Haijawahi kupigwa na mwanamke. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, ataipiga.

“Wakija kumi tu, jioni maji yanafika kwa Bibi. Wasipokuja, Jumatatu ng’ombe anauzwa. Na ng’ombe huyo ndiye anayemlisha Bibi.”

Wewe unayesoma, usitume pole kwa simu. Jembe lako liko nyuma ya mlango. Lichukue, upande Masama. Pembe isikukute kitandani.