Wimbo wa Filimu Niliouita Ndoto

Filimu ile niliiona Jumamosi mchana, katika chumba cha video pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi, tumebanana kwenye mbao, mlango umezibwa kwa blanketi ili mwanga usiingie. Ilikuwa habari ya mwanaume anayevuka milima ya theluji kumtafuta mke wake. Mwishoni, majina yalipoanza kupanda kwenye skrini, ukaja wimbo. Gitaa la umeme lilianza peke yake, polepole, kisha sauti nzito ya mwanaume, kisha ngoma, na kiitikio kikapanda hadi nywele za mikono zikanisimama. Wenzangu walikuwa wanainuka, wanatafuta ndala zao. Nikamwomba mwenye video asizime.

Yule mwanaume wa kwenye filimu hakuwa amesema hata mara moja kwamba anampenda mke wake. Wimbo ndio uliomsemea. Nadhani ndiyo sababu nyimbo za namna ile hazitoki kichwani: ukiziimba, unamwona mtu.

Wakati huo nilikuwa mwimbaji wa kawaida katika korali yetu ya kanisa, nasimama mstari wa nyuma. Kiongozi wetu alikuwa mama mjane kutoka Fizi, fundi wa kushona, ambaye alikuwa ametuomba kila mmoja alete wimbo mpya. Kwa siku tatu nilipanga maneno ya Kiswahili juu ya sauti ile ya filimu. Nilimtoa mume, nikaweka Mungu anayetutafuta njiani. Milima niliiacha ibaki, kwa kuwa sisi pia tulivuka milima. Siku ya mazoezi nikauimba peke yangu, wakaushika haraka, na mara ya tatu baadhi ya wamama walikuwa wanafuta macho.

"Wimbo huu uliutosha wapi, mwana yangu?" mama akauliza kwa Kiswahili cha kwao Fizi.

Ningeweza kusema ukweli. Hakuna aliyenibana. Lakini wote walikuwa wamenigeukia, mimi wa mstari wa nyuma, na nilipenda jinsi walivyonitazama.

"Nilipewa kwa ndoto, mama."

Akaweka mkono juu ya kichwa changu, akaomba. Tangu siku hiyo mama akaniachia kazi ya kuongoza nyimbo, wakaanza kuniita mwalimu, nami nikaitika.

Mwaka uliofuata binti yake wa mwisho aliugua, akafa. Mama aliomba wimbo mmoja tu makaburini. "Ule wa ndoto," alisema. Nilisimama kando ya kaburi, nikainua mikono, nikaongoza. Katikati ya ubeti wa pili nikamwona yule mwanaume wa filimu, theluji imeganda kwenye ndevu zake, na sikuweza kumfukuza. Mama alikuwa ananitazama kama mtu aliyetumwa kwake.

Ndipo tukaalikwa Lilongwe, kwenye kanisa moja la Wamalawi huko mtaa wa Area 23. Mimi ndiye nilikuwa mkalimani, kwa sababu ya Kingereza changu. Tuliimba nyimbo mbili, wakatupigia makofi ya heshima. Tulipoanza wimbo wangu, niliona vijana wa viti vya katikati wanatazamana na kutabasamu. Kwenye kiitikio wakaingia pamoja nasi kwa Kingereza, kwa maneno yenyewe ya filimu. Mpiga kinanda wao akatafuta kidogo, akaupata, akapiga na kile kipande cha gitaa ambacho sisi hatukuwa nacho. Kanisa zima likasimama. Korali yetu walifurahi mno. Mimi niliendelea kupunga mikono, jasho likinitiririka mgongoni.

Baada ya ibada, wakati wa chakula, dada mmoja wa pale alikuja akamshika mama mikono miwili. "Zikomo kwambiri," alimshukuru kwa lugha ya kwao, kisha akanigeukia na kuendelea kwa Kingereza. Alisema ile filimu yeye na dada zake wameiona mara nyingi, na kwamba hakujua kuna mtu aliyeutia wimbo wake Kiswahili, tena vizuri hivyo. Alisema kwa moyo mweupe kabisa.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema Roho njo aliwafundisha wimbo wetu."

Mama akamkumbatia yule dada. Nikatazama sahani yangu ya nsima, ule ugali wao.

Siku nne baadaye mama aliniita nyumbani kwake. Nilimkuta mlangoni kwenye cherehani, anashona sare ya shule.

"Kaa," alisema. "Dada wa Area 23 alisema nini?"

"Nilikuambia, mama."

"Kingereza sijue. Lakini alisema 'filimu'. Filimu njo naijua."

Nikamwambia yote, tangu mlango wenye blanketi. Hakuacha kushona. Nilipomaliza akakata uzi kwa meno.

"Kwa kaburi ya mtoto yangu," alisema, "nilikuwa naimba filimu."

Akaikunja ile sare. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida, "Ule bwana, bibi yake alimupata?"

"Alimpata, mama. Mzima."

Akatikisa kichwa, akaingiza kitambaa kingine chini ya sindano. Kisha akasema, "Utabaambia bantu ba korali. Mi sitakusemea."

Siku ya mazoezi iliyofuata nilisimama mbele yao nikasema. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Badala yake kulikuwa na kicheko kidogo nyuma, na baba mmoja wa besi akasema, "Mwalimu, njo ile tu? Maneno si ni yako?" Mwingine akasema wimbo ni mzuri, tusiuache. Walinisamehe kama mtu aliyechelewa mazoezi, wakaniomba niwape sauti ya kuanzia. Niliwapa. Ningekuwa na nguvu kidogo ya moyo, ningekataa.

Bado tunauimba, na bado wananiita mwalimu. Mama hakuondoka kwenye korali, wala hakupunguza salamu zake kwangu. Ila tukifika kwenye wimbo ule, yeye hufunga mdomo, hushika daftari lake kifuani na kungoja hadi tumalize. Anasimama mstari wa mbele, na mimi, kwa kuwa ndiye ninayeongoza, lazima nimtazame.