Kopo la Baruti Juu ya Jiko

Juzi nikiwa Kibiti nilimsikia mzee mmoja akiulizia baruti dukani, na muuzaji akamjibu, "Imeadimika, mzee wangu." Niliondoka na chumvi yangu nikiwa sina raha.

Utotoni baba alinikokota duka kwa duka pale Utete kutafuta hiyohiyo. Nguruwe walikuwa wakimaliza mpunga wetu bondeni, na bila baruti gobore la baba lilikuwa kama fimbo tu. Katika duka la mwisho, lililonuka mafuta ya taa na samaki wakavu, muuzaji alipekua chini ya meza akatoa kijikopo. Baba alirudi upesi hadi ikabidi nikimbie.

"Shika, mwanangu. Weka mahali isipoharibika," alisema tulipofika, akaenda kutia udhu.

Mahali hapo nilipajua. Mama aliweka mbegu zote kwenye uchaga juu ya jiko, ili moshi ufukuze wadudu. Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaliweka kopo katikati ya mahindi ya mbegu. Chini yake kunde zilikuwa zikitokota, na kuni zikirusha cheche.

Baba aliporudi nilimwonyesha kwa kidole, nikingoja sifa. Alinyanyua mtungi mzima akaumwagia moto, kunde na kila kitu. Majivu yakatujaa machoni.

Kisha alinishika mkono tukakaa barazani, na mpaka mama anarudi kutoka shamba alikuwa hajauachia. Nami nikaamini ni hasira ya kukosa kunde.