Moyo wa Mama Mkwe na Upepo wa Dodoma

Nilitoka Mpwapwa kuja kuolewa Dodoma, enzi za Waingereza. Mume wangu alikuwa mtia kuni kwenye vichwa vya treni, na nyumba tuliyopewa ilikuwa nyuma ya karakana, upande ule upepo unakopelekea moshi. Nguo nyeupe nikiianika asubuhi, mchana naianua ina madoadoa ya masizi. Sikulalamika. Nilikuwa bado kijana, na kulala chini ya bati kulinitosha.

Mama mkwe wangu alipofiwa na mumewe, aliondoka kijijini Zuzu akaja kukaa nasi. Alikuwa Mgogo mrefu, mcheshi, mpenda chai ya maziwa na habari za watu. Mji aliupenda siku ileile aliyofika. Aliketi mlangoni akiwatazama abiria wanaoshuka, na jioni akatusimulia nani kaja na kuku, nani kaja na mke wa pili.

Kiangazi kikamgeukia. Baridi ya Julai ilimbana kifua, na pepo za vumbi zilipoanza alikuwa akitoka kisimani mikono mitupu na bado anahema. Alisema moyo unamwenda mbio kama punda aliyekata kamba. Nilipoona miguu imevimba nilimwambia mume wangu, tukampeleka hospitali ya serikali.

Pale kwenye benchi tulimkuta mwanamke wa Kihindi, mke wa muuza nguo wa mjini, naye kaletwa na moyo. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha mama mkwe kilikuwa cha Kigogo, lakini walielewana upesi. Kila mmoja alimwonyesha mwenzake miguu yake, kisha wakaanza kubishana ni nani mgonjwa zaidi. Watu wote benchini wakacheka.

Daktari alimsikiliza mama kifuani kwa mpira wake, akatuuliza tunapikia wapi na mgonjwa analala vipi. Mama akaeleza bila wasiwasi kwamba kwa sababu ya baridi analala na jiko la mkaa chumbani, mlango umefungwa. Daktari akauning'iniza mpira wake shingoni.

"Mama," akasema, "moyo wako umezeeka kama wewe, nawe unautwisha baridi, vumbi na moshi kwa mara moja. Uupunguzie mzigo."

Akampa dawa. Jiko litoke chumbani, akaagiza. Upepo wa vumbi ukivuma akae ndani. Na asubuhi, jua likishapasha ardhi, atembee polepole. Ila lililo bora, alisema, ni arudi shamba, mbali na moshi wa treni.

Hilo mama hakulikubali. Mume wangu alimsihi njia nzima. Yeye akamjibu kwa upole, "Mwanangu, Zuzu hakuna wa kuongea naye. Huko moyo utasimama kwa upweke."

Aliyetuokoa ni yule mwenzake wa benchi. Alituma watu waje kutuambia kuwa nyuma ya duka lao kuna vyumba vitupu, mashariki ya karakana, na kwamba huko nguo zake hukauka nyeupe. Nilikwenda kuona mwenyewe. Kamba ya nguo uani ilikuwa imejaa shuka, nikazipekua moja moja kama mnunuzi mgumu, sikuona hata doa. Tukahama. Mimi nikahamishia mafiga uani, na yule bibi akamletea mama mfarishi mnene wa pamba wa kujifunika usiku, akimwambia huo ndio jiko lake jipya.

Tangu hapo kila asubuhi walitoka pamoja, mmoja kajifunga kaniki, mwingine sari, wakitembea kwa mwendo wa kinyonga. Mhindi alijifunza kusalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," akawasalimu hata mbuzi. Vumbi likianza kuinuka walikuwa wamesharudi, wanakunywa chai, wakiteta kuhusu waume, aliye hai na aliyekufa.

Sitasema mama alipona. Kila kiangazi alikuwa na siku zake za kulala tu, nami nikimshika mkono nasikia mapigo yanakwenda ovyo. Lakini uvimbe wa miguu ulishuka, pumzi ikarudi, na wajukuu wawili aliwabeba mgongoni.

Mvua ya kwanza ya mwaka ule tuliohama ilinyesha wakiwa njiani. Nilitoka na mwavuli wa dukani kuwatafuta, nikawakuta wamesimama katikati ya barabara, wamelowa chapachapa. Niliwakemea, nikasahau kuwa ni wazee wangu.

"Tulia, mkwe wangu," mama akasema, akivuta pumzi mpaka kifua kikajaa. "Leo hewa imeoshwa."

Mwenzake akauchukua mwavuli mkononi mwangu, akaufunga, wakaendelea na safari yao.