Jitu Lenye Mikono ya Shemeji

Ofisini walimwita Wino, maana vidole vyake havikuwahi kutakata. Alichora vitabu vya katuni vya Kipanga, shujaa arukaye angani, katika chumba kilicho juu ya duka la matairi. Wasomaji walipoanza kumchoka Kipanga, mhariri akaja na habari.

“Tumepata mgeni. Lile jitu la wenzetu wa kampuni ya pili, Gumbaru, wametuazima kwa toleo moja. Avunje mji, apigane na Kipanga, aende zake. Nataka msomaji asikie mifupa ikivunjika.”

Jumapili Wino akapita kwa dada yake mkubwa, aliyeolewa na fundi wa kuchomelea vyuma. Alimkuta akinywa uji kwa mrija, taya limevimba.

“Niliteleza bafuni,” dada akasema.

“Bafu gani hilo lenye vidole, dada?”

Dada akavuta mtandio, akafunika alama za shingoni, akageuza mazungumzo.

Wino alirudi kwenye meza yake damu ikimchemka, akachora kama mtu anayepigana. Gumbaru alikamua treni kwa mkono mmoja hadi abiria wakachuruzika madirishani. Alimkanyaga Kipanga kifuani, akamng'oa bawa, akafuta nalo barabara. Na mikono ile ya jitu ilikuwa na makovu ya cheche, gumba limepinda nje, kidole cha pete kimekatika kwenye kiungo cha juu.

Kitabu kiligombaniwa. Huko karakana ya shemeji, mafundi wenzake walibandika jalada ukutani. “Bosi, na wewe umeingia kwenye katuni!” Alicheka nao, kisha akatazama gumba lake lililopinda, na kicheko kikamkauka.

Mchana huohuo akapanda ngazi za ofisi.

“Shemeji, karibu,” Wino alisema akiinuka.

“Shemeji? Si mimi ndiye dubwana?”

Akapindua meza. Akamkamata Wino nywele, akambamiza ukutani, na mara ya pili Wino alisikia pua yake mwenyewe ikivunjika. Mhariri aliruka kumshika, akapigwa kiwiko, akaanguka kwenye makaratasi. Wino alipokuwa chini, shemeji alitafuta mkono wake wa kulia kwa macho, akaukanyaga kwa kiatu cha kazi, akausaga.

“Chora sasa! Chora!”

Mkono wa kushoto ukapapasa sakafuni, ukakuta kisu cha kukatia karatasi. Wino akakichomeka kwenye paja la yule mtu mpaka mpini. Shemeji alipiga ukelele uliowapandisha juu watu wa matairi, spana mikononi. Walimteremsha kwa mateke, damu ikidondoka kila ngazi, mpaka polisi walipofika.

Hospitali, dada alikaa pembeni ya kitanda cha Wino bila kumshika.

“Umenivunjia nyumba.”

“Dada, mkono ulikwenda wenyewe.”

“Na mimi je, wa kwangu ungekwenda lini?” Hapo ndipo dada alipolia, kwa sauti, mpaka nesi akafunga mlango.

Mahakamani, wakili wa shemeji alidai mteja wake alichokozwa na picha tu. Dada akasimama kabla hajaitwa.

“Mheshimiwa, mimi katuni sizijui. Naomba mtazame hili taya lilivyokaa upande.” Akafungua mtandio mbele ya watu wote.

Shemeji alifungwa. Dada na wanawe wakahamia kwa Wino, vyumba viwili, na hawapitishi siku bila kugombania bafu. Vidole viwili vya Wino havikunjiki tena. Anachora polepole, na mhariri akinung'unika, Wino humsogezea kalamu: “Haya, chora wewe.”

Ila mlango ukigongwa kwa nguvu, dada na mdogo wake hutazamana, na hakuna anayeinuka mpaka mgongaji ajitaje.