Siku Shafti ya Mama Njoki Ilipokerezwa na Kompyuta

Sababu ya safari hii ilikuwa kipande cha chuma kirefu kama mkono wangu, kilichovunjika katikati. Ni shafti ya mashine ya kukandia unga, na mwenyewe ni Mama Njoki, anayeoka mikate nyuma ya maduka ya Hurlingham. Tangu nianze kukumbuka mambo, chuma chochote kikivunjika kwa Mama Njoki kilikuwa kinaletwa kwa baba. Baba ni mkerezaji. Ana kibanda kando ya Ngong Road, na ndani ya kibanda ana leth, ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Leth yenyewe ina umri mkubwa kuliko yeye. Mteja mwingine wa kutegemewa hatuna. Wengine huleta bawaba ya geti, wakaondoka na geti lao, tusiwaone tena.

Basi likizo ya Agosti Mama Njoki akaja kibandani na habari mbaya aliyoisema kwa sauti nzuri. Mjini kuna mashine, alisema, inayokereza yenyewe ikiongozwa na kompyuta. Angependa kuijaribu na hii shafti moja tu. Baba amchoree, aandike vipimo, basi.

"Sawa, mama," baba akasema. "Nitachora."

Akachora jioni hiyo hiyo kwa rula na penseli, mchoro safi kabisa, si kama wa mwalimu wetu wa fizikia ambaye maduara yake yote ni viazi. Chini kwenye kona akatia sahihi. Asubuhi akaniambia niende mimi, yeye ana kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kufagia chini ya leth, mahali alipokuwa ameshafagia.

"Uangalie vizuri, mama," aliniambia. Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mamake, Nekesa. "Kila kitu inafanya, uniambie."

"Na ikikereza vizuri?"

"Uniambie pia."

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikautazama uso wake, nikaumeza.

Saa mbili asubuhi, Woodley. Nilitoka nyumbani na vipande viwili vya shafti ndani ya gunia, mchoro nimeukunja ndani ya daftari. Jirani yetu aliyekuwa akianika nguo aliniuliza nimebeba nini kizito hivyo. Nikamwambia ni mguu wa mjomba. Akasema, "Msalimie," akaendelea kuanika. Huo ndio ulikuwa mzaha wangu wa mwisho wenye raha siku hiyo. Nilipovuka Ngong Road gunia lilikuwa limeanza kunichimba bega, na kichwani mlikuwa na wazo moja tu linalozunguka: shafti ya kompyuta ikiingia sawasawa, Mama Njoki hatakanyaga tena kibanda cha baba. Ana mashine tatu za kukandia. Hizo tatu ndizo sisi.

Saa tatu, Hurlingham. Niliingia kwa mlango wa nyuma, pale harufu ya mkate inapokufanya usahau kwamba umekunywa chai. Wanaume wanne walikuwa wameinama juu ya karai kubwa wakikanda unga kwa mikono. Mmoja alinionyesha viganja vyake, vimevimba.

"Leo siku ya tatu," akasema. "Ambia hiyo kompyuta ikimbie."

Mama Njoki alitoka ofisini akifunga leso kichwani. Ni mwanamke mnene mwenye hatua za haraka, na hajawahi kunisalimia bila kunilaumu kwa kuwa mwembamba.

"Nekesa, huko shule wanawalisha karatasi? Twende. Kesho kutwa hawa wa vibanda ninaowauzia wataanza kuchukua mkate kwingine, na wakishazoea huko hawarudi."

Nilikuwa natafuta sababu ya kumchukia asubuhi ile. Hiyo haikunisaidia.

Saa nne kasorobo, ndani ya pikapu yake, Valley Road. Magari yalikuwa yamejipanga mteremko mzima, hayaendi wala hayarudi. Mama Njoki aliizima injini.

"Babako amekasirika?"

"Hapana. Amefurahi mpaka akafagia mara mbili."

Alicheka kidogo.

"Mimi sina vita na babako. Amenitoa shida nyingi. Lakini shafti yeye hukaa nayo siku tatu. Hiyo kitu ya mjini, wanasema ni saa moja. Wewe ungefanya nini?"

Ningefanya hivyo hivyo. Sikumwambia. Nilisema ningefunga mkate nikauza maandazi, akanipiga kofi gotini, na magari yakasogea.

Saa tano, mjini. Karakana ilikuwa upande wa chini wa jiji, karibu na Kirinyaga Road, nyuma ya duka la vipuri. Nilitarajia kelele, na mafuta ukutani kama kwetu. Sakafu ilikuwa imepigwa deki. Mashine ilifanana na kabati kubwa jeupe lililolazwa, lenye mlango wa kioo, na pembeni yake kompyuta yenye mgongo mnene kama televisheni ya zamani. Mwenye kuiendesha alikuwa kijana mmoja, Mutiso, kichwa kimenyolewa kikang'aa, shati limepigwa pasi. Fundi wa chuma mwenye shati jeupe. Nilimtazama kama mtu anayetazama mpishi asiye na tumbo.

"Sasa, siz. Mchoro iko wapi?"

Nilimpa. Aliutazama kwa muda, akapiga mluzi.

"Huyu amechora na mkono? Buda yako ni mkali."

Buda ni baba kwa lugha ya vijana wa mjini. Nilijivuna, na kujivuna kwenyewe kukanitia hofu zaidi. Mutiso akaketi, akaanza kuchapa namba moja baada ya nyingine, na kwenye skrini mistari ya kijani ikajiunga mpaka ikawa shafti yetu nzima. Mama Njoki akatoa chuma kipya alichokinunua, chuma kigumu cha kazi hiyo. Muuzaji alikuwa na kimoja tu, kingine ni kusubiri wiki. Mutiso akakifunga ndani, akafunga mlango wa kioo, akabonyeza.

Baba anisamehe, ilikuwa nzuri kutazama. Chuma kikazunguka, maji meupe yakakimwagikia, kisu kikaenda na kurudi bila mkono wa mtu. Kilipomaliza sehemu moja, visu vilijigeuza vyenyewe, kingine kikachukua zamu. Mutiso alikuwa amekunja mikono.

"Saa hii inatoa kubwakubwa," alieleza. "Mwisho kabisa ndio inapita mara moja kumaliza, hapo pa kuingia gia. Mchoro inasema thelathini na tisa, nukta nane sita. Itatoka hivyo hivyo, isizidi, isipungue. Dakika zimebaki ziko hapo."

Kwenye skrini palikuwa na kumi na nne.

Thelathini na tisa, nukta nane sita. Namba hiyo niliijua.

Nimesimama kando ya leth ya baba tangu nikiwa wa kufika kwenye gurudumu lake kwa kuruka. Mimi ndiye humsomea namba za kwenye karatasi huku yeye akigeuza. Na leth yetu ina tabia: imelika, kwa hiyo kisu hurudi nyuma kidogo, na upana wa chuma hubaki umezidi nywele mbili. Nywele ndicho kipimo cha baba kwa vitu vidogo. Basi kwa miaka mingi huandika namba iliyopunguzwa nywele mbili, leth iache za kwake, chuma kitoke sawa. Karatasi ya baba haisemi chuma kiwe vipi. Inasema leth yake idanganywe vipi. Hajawahi kuchora ili fundi mwingine akereze, wala hakufikiri, kama vile mtu asivyofikiri anapoinama kupita mlango mfupi wa kwao.

Hii mashine haikuwa na nywele za kuacha. Ingekata ile namba hasa, na shafti ingecheza ndani ya gia kama mguu wa mtoto ndani ya buti la askari. Chuma ukishakikata hukirudishi.

Nitasema ukweli: jambo la kwanza nililohisi ni furaha. Nikajiona nikimweleza baba jinsi kompyuta ilivyoaibika. Dakika kumi na mbili. Mama Njoki angerudi mbio kibandani. Dakika kumi na moja. Wale wanaume wangekanda kwa viganja vilivyovimba wiki nzima. Dakika tisa. Nikajaribu kutowaza viganja.

Mama Njoki alikuwa ameketi kwenye stuli. "Na ikikosea?" akauliza.

"Hii haikosei, madam," Mutiso akasema. "Kukiwa na makosa, yako kwa karatasi." Akagonga mchoro kwa kidole, pale kwenye kona, juu ya sahihi ya baba.

Sahihi ile ina mkia mrefu, baba huuvuta kwa majivuno. Kwa hiyo si kompyuta ingeaibika, ni baba. Lakini nikisema, je? Nitakuwa nimemwambia mteja wake mkubwa kwamba leth ya baba imelika na michoro yake yote ni ya uongo. Dakika sita. Nilienda mpaka mlangoni kama mtu anayetaka hewa, nikarudi. Tano. Visu vilijigeuza, kikatokea kimoja chembamba, chenye ncha.

"Hicho ndicho cha kumaliza," Mutiso akasema.

"Simamisha."

"Nini?"

"Simamisha, tafadhali. Hiyo namba si yenyewe."

Alibonyeza kitufe chekundu. Chuma kikapunguza mwendo, kikasimama. Nikawaeleza wote wawili, nikitazama viatu vyangu, habari za leth yetu na nywele zake. Nilipoinua macho, Mama Njoki alikuwa ananitazama kwa namna nisiyoweza kuisoma.

"Miaka hii yote?" akauliza.

"Lakini zilikuwa zinaingia, si ndio?" nikasema.

"Zilikuwa zinaingia," akakubali polepole.

Akatoa simu yake, tukapiga duka lililo jirani na kibanda, mwenye duka akamwita baba. Nilimweleza. Nilisikia tu magari ya Ngong Road yakipita nyuma yake.

"Nani ameona?"

"Mimi, baba."

"Mwambie aongeze nywele mbili kwa upana wote. Urefu asiguse, urefu ni wa ukweli."

Mutiso alikuwa amesogeza sikio. "Muulize nywele mbili ni ngapi."

"Baba, anauliza nywele mbili ni ngapi."

"Ni mbili."

"Kwa milimita."

"Mimi sijui kwa milimita. Ni nywele za kichwa. Pimeni. Hii simu ni ya watu." Akakata.

Tukatazamana. Ile shafti ya zamani ndani ya gunia ilikuwa imelika, kuipima kusingetusaidia. Mutiso hakuwa na hata moja. Mama Njoki aligusa leso, akasema zake zilitoka dukani. Nikabaki mimi, na kichwa changu cha shule kilichokatwa mpaka karibu na ngozi. Niling'oa unywele mmoja mrefu kidogo juu ya sikio. Mutiso akaubana kwenye maikromita kwa uangalifu wa daktari, akasoma: sifuri, nukta sifuri saba.

"Mbili ni kumi na nne," akasema, halafu akajumlisha na namba ya mchoro, akakaa wima. "Arobaini kamili. Maze, buda yako alikuwa anajua."

Alirekebisha kila upana, akaongeza unywele mmoja wa tahadhari ili baba aumalizie kwa msasa. Kisu kikapita. Shafti ilitoka inang'aa mpaka nikajiona humo, mrefu na mwembamba kama Mama Njoki anavyonilaumu.

Nilikuwa naanza kupumua wakati Mutiso alipochapa kitu kidogo na kuegemea nyuma.

"Nimehifadhi. Sasa iko ndani. Siku nyingine, madam, usilete hata karatasi. Piga simu tu."

Mama Njoki akaitikia kwa kichwa. Niliitazama ile skrini. Nywele za baba zilikuwa humo, nimezipeleka mwenyewe.

Saa nane, Hurlingham. Baba alikuwa ameshafika kwa miguu, amekaa juu ya gunia la unga kati ya wale wakandaji, msasa mfukoni. Aliipokea shafti, akaizungusha karibu na jicho, akapitisha ukucha wa kidole gumba. Akasugua kidogo, akajaribu kwenye gia, akasugua tena. Mara ya tatu ikaingia na mlio mdogo, kama mtu anayeonja mchuzi. Mashine ikawashwa, unga ukaanza kuzunguka, na mmoja wa wanaume akaketi sakafuni palepale.

"Asante, fundi," Mama Njoki akasema. "Na ile michoro ya hizi mbili zingine, ulinipa mwaka jana. Nitawapelekea hao vijana?"

Nilimwomba Mungu amfanye baba aseme ndiyo, chuma kiharibike huko mjini, halafu nikaona aibu.

"Usipeleke," baba akasema. "Na hiyo imeandikiwa leth yangu. Itakuharibia chuma. Lazima shafti zenyewe zipimwe upya."

"Nani atapima?"

"Yeyote mwenye macho."

Mama Njoki alizitazama zile mashine mbili kwa muda. "Basi kuja Jumatatu upime wewe. Kukereza, fundi, nitapeleka huko. Sitakudanganya."

"Nimesikia, mama," baba akasema.

Saa tisa na nusu tulikuwa tunarudi kwa miguu kuelekea Woodley, yeye amebeba lile gunia lenye chuma cha zamani. Nilimweleza kila kitu kama alivyoniagiza: maji meupe, visu vinavyojigeuza, shati la Mutiso. Alitaka kujua zaidi kuhusu visu. Nilichojifunza mjini nacho nilimwambia. Ile mashine haiulizi. Ukiipa namba ya uongo itakukatia uongo unaong'aa, na ukishairekebisha mara moja haisahau, wala haina haja ya kukuita tena. Kuhusu Jumatatu hakuna aliyesema kitu. Baada ya Jumatatu, hakuna anayejua.

Tulipofika Ngong Road tukasimama kungoja magari yapungue.

"Ulifikiria kunyamaza?" akaniuliza.

Ningeweza kumtania. "Dakika tisa," nikasema.

Alihamisha gunia bega la pili.

"Mimi ningenyamaza zote kumi na nne," akasema, na akanishika mkono tukavuka.