Vijiti Vinne vya Asumini

Mtaani kwake Misugusugu, Stellamaris anajulikana kwa mambo mawili: kuotesha mizizi kwenye maji, na kusahihisha watu. La kwanza limemletea heshima. La pili, tusidanganyane, limemletea ugomvi tu.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari, na huko ndiko alikopachikwa jina la Madam, ingawa chaki hakuwahi kushika. Mwanafunzi akisoma kipimo vibaya, anasahihishwa palepale. Mwalimu akikosea jina la tindikali, naye anasahihishwa, tena mbele ya darasa. Jumapili moja katekista alitangaza tarehe isiyo sahihi, Stellamaris akasimama katikati ya waumini, akamrekebisha, akaketi na kuendelea na rozari yake kama mtu aliyefukuza nzi. Mumewe Castory, karani anayekwenda kazini Dar kila siku, husema mke wake hana dogo. Hata ukikohoa atakuambia umekosea kukohoa.

Lipo moja tu ambalo Castory hamtanii nalo. Miaka sita iliyopita, baba yake Stellamaris alikuwa mgonjwa kitandani kule Mbinga. Mzee aliinua kidonge kimoja akasema hiki ndicho cha presha. Stellamaris akamwambia, "Hapana, baba, hicho ni cha tumbo." Mzee akakirudisha kwenye sahani, akageukia ukutani. Hakuamka tena. Neno la mwisho ambalo binti alimwambia mzazi wake likawa sahihisho. Lilikuwa la kweli kabisa, na ukweli wake haujamsaidia kitu mpaka leo.

Alipoacha kazi ya shule, baraza la nyuma likawa maabara yake. Ukipita huko utaona chupa za maji zilizokatwa shingo, zimepangwa ukutani, na kila moja imevishwa soksi kuukuu ya Castory. Si urembo. Mwanga ukiingia kwenye maji, utelezi wa kijani unaota na mizizi inakosa raha. Kijiti hukatwa kwa mshazari, chini kidogo ya kifundo, kwa wembe uliopitishwa kwenye maji ya moto. Jani lolote litakalozama linaondolewa, maana likioza litaozesha na wenzake. Maji ya bomba hulazwa siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi ili dawa ipungue, ndipo yatumike, na kila siku ya tatu hubadilishwa. Pembeni ipo ndoo moja yenye mfuniko uliotobolewa matundu, na kipampu kidogo cha hewa, kile cha kufugia samaki wa mapambo, kinabubujisha ndani yake. Humo hulaza vijiti vigumu kushika mizizi. Sheria ya baraza ni moja: hakuna kunyofoa kijiti ili kuchungulia. Watu wengi wameua maua yao kwa hamu ya kuona kama yanapona.

Jabiri alikuwa fundi mwashi aliyekuwa akijenga ukuta wa jirani. Akiwa juu ya jukwaa lake aliziona zile soksi, akauliza, akaeleweshwa kwa kirefu kuliko alivyotaka. Wiki mbili baadaye akaja na kifurushi cha kanga iliyoloweshwa maji kifuani, anakibeba kama mtoto. Ndani mlikuwa na vijiti vinne vya asumini.

Akaeleza. Mama yake, Bi Mwanahalima, anaishi Kibuta, upande wa Kisarawe. Barabara ya kijijini kwao ilikuwa inapanuliwa, na makaburi ya kando yakahamishwa. Yalihamishwa kwa heshima, kwa dua, hakuna aliyelalamika. Lakini kwenye kaburi la nyanya yake Jabiri, mama mzazi wa Bi Mwanahalima, palikuwa na asumini, Bi Mwanahalima aliipanda mwenyewe siku ya mazishi, miaka arobaini na sita iliyopita. Alivunja tawi kwenye asumini ya mlangoni kwa marehemu, ileile ambayo marehemu alikuwa akichuma maua yake kutungia vikuba, vile vishada vya kunukia, vya maharusi wa kijiji kizima. Ile ya mlangoni ilishakufa zamani. Na hii ya kaburini ilifukiwa na lundo la udongo kabla mtu hajaikumbuka. Jabiri alifukua kwa mikono, akapata vijiti hivyo vinne vyenye ukijani. Tangu siku hiyo mama yake alikuwa hali chakula vizuri. Asumini zinauzwa tele barabarani, alisema Jabiri, lakini mama hataki nyingine, anataka ileile ikakae kwenye kaburi jipya.

Stellamaris akavichunguza, akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba vimechoka, na kwamba huenda vitatu vikafa.

"Hata kimoja kinatosha, Madam," Jabiri akajibu.

Akavigawa. Vitatu akavitia kila kimoja kwenye chupa yake, chenye hali mbaya kuliko vyote akakiweka kwenye ndoo ya pampu, katikati ya vijiti vya waridi. Wiki ya kwanza majani yakapukutika yote. Ya pili, kimya. Ya nne, alipokuwa akibadilisha maji, akaona vipele vyeupe kwenye vifundo, na siku chache baadaye mizizi yenye urefu wa punje ya mchele. Kwenye vyote vinne! Alifurahi mpaka akamwita Castory aliyekuwa ndiyo kwanza amevua viatu. Kisha akafanya kosa la kumpelekea Jabiri habari.

Jumamosi iliyofuata Bi Mwanahalima akatokea mwenyewe, mkongojo mkono huu, mfuko wa korosho mkono ule. Stellamaris akamwamkia, bibi akaitikia marahaba ndefu huku macho yake yakitafuta baraza. Alipoonyeshwa chupa tatu akashika mdomo. Alizitazama muda mrefu, asijue kwamba kijiti cha nne kimo kwenye ndoo.

"Niache nazo kidogo, mwanangu," akasema.

Nani angemkatalia? Stellamaris akaenda jikoni kuchemsha chai. Waliinywa pamoja, bibi akaondoka uso ukiwa umefunguka.

Siku ya kubadilisha maji, Stellamaris alivua soksi ya kwanza, na harufu ya waridi ikampiga puani. Marashi. Marashi ya dukani, tena si matone mawili. Mizizi ilikuwa imegeuka kahawia na kuteleza kama mlenda, na shina lilikuwa jeusi hadi kifundo cha pili. Akavua soksi ya pili, akavua ya tatu. Yaleyale. Akaketi chini sakafuni na chupa mapajani, hasira zimempanda. Wiki tano! Mtu ametoka Kibuta na mkongojo kuja kuua kitu anachokililia!

Castory alipomuuliza, alisema atampa yule bibi vidonge vyake, tena uso kwa uso, kwa sababu mtu asipoambiwa kosa lake atalirudia. Hiyo ndiyo imani yake, ameishika kuliko rozari. Kwa Jabiri alisema tu kwamba vitatu vimekufa. Sababu akamwekea bibi mwenyewe.

Kikabaki kile cha kwenye ndoo, kisichoguswa kwa sababu hakikujulikana. Stellamaris akakilea kwa wivu. Mizizi ya majini ni ya deko, haijui kusukuma udongo. Ukiitoa ghafla inanyong'onyea. Kwa hiyo akakihamishia kwenye kopo, na kila siku akawa anatia kijiko kimoja cha udongo kwenye maji yake. Siku ya kumi yakawa tope. Ya ishirini, akatoboa kopo chini, maji yakajichuja yenyewe. Miezi mitatu ilipotimia, asumini ilikuwa na majani kumi na moja. Na katika muda wote huo alikuwa akiyapanga maneno yake: kwanza ataeleza mizizi inavyovuta hewa, kisha marashi yana nini ndani yake, kisha atasema vilikuwa vinne.

Wakaenda Kibuta siku ya Ijumaa, mchana, baada ya sala. Jabiri alishachimba kishimo upande wa kichwani. Bi Mwanahalima aliketi kwenye mkeka kwa sababu magoti hayakukubali tena kusimama, na Stellamaris akapiga magoti karibu naye, akaushusha mche, akaufukia kwa vidole, akaumwagilia. Bibi alikuwa akilia bila sauti. Halafu akaingiza mkono ndani ya kanga, akatoa kichupa cha marashi.

Stellamaris akakiona. Alijua kwamba matone machache kwenye udongo hayatadhuru kitu. Alijua pia kwamba saa yake ya kusema imefika, na maneno yalikuwa yamejipanga tayari kooni.

"Nina siri nawe, mwanangu," bibi akasema. "Siku ile ulipokwenda jikoni, nilizitilia marashi haya. Mama alikuwa akiitilia asumini yake kila Ijumaa. Jabiri ameniambia zile nyingine zilikufa, nikasema, je, kama nisingetia, hata hii ingepona? Ndiyo yaliyoifanya ishike." Akamtazama Stellamaris kwa macho mekundu, ghafla akaingiwa na shaka. "Au nimekosea?"

Jabiri akanyanyua uso kutoka kwenye jembe lake. Kumhurumia ni kitu kingine, lakini bibi alikuwa ameuliza, na hakuna aliyewahi kumuuliza Stellamaris swali kama hilo akakosa jibu. Mikono ya yule bibi ilikuwa imeinua kichupa hewani, inangoja, na Stellamaris akaikumbuka mikono mingine, iliyorudisha kidonge kwenye sahani.

"Hujakosea, mama," akasema.

Kisha akayainua majani kwa vidole viwili, yale kumi na moja, ili marashi yafike chini vizuri.